JIWE HALIMPI MTU PUMZI (uzi wa nesi, soma mpaka mwisho)

SEHEMU YA 1

Nimevumilia wiki nzima, leo nimeshindwa.

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mguu wa mtoto umefungwa kamba ya katani, umechanjwa kwa wembe, na juu ya jeraha limebandikwa jiwe jeusi. Chini wameandika: "Kila nyumba iwe nalo. Hospitali wenyewe hawana dawa." Wameisambaza watu wenye akili zao. Ameisambaza hata muuguzi mwenzangu, na huyo ndiye aliyenitoa kimya.

Mimi ni nesi wa hospitali ya wilaya, sehemu ya wakulima na wafugaji. Mvua zikianza, wagonjwa wa nyoka tunawapokea wengi kuliko mnavyodhani. Leo nasema neno moja na nitalitetea mpaka mwisho wa uzi huu: anayekufa kwa sumu ya fira au koboko, mara nyingi hafi eti kwa sababu sumu haikunyonywa. Anakufa kwa sababu misuli ya kupumua imesimama na hakuna aliyempumulisha.

Kosa hilo lina wenyewe wawili. Kuna sisi tunaobandika mawe huku saa zinakwenda, na kuna wanaotakiwa kuweka dawa karibu na mkulima na hawaweki. Nitawasema wote. Nitaanza na mimi mwenyewe.

SEHEMU YA 2

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Saa nane usiku wanaleta kijana wa kama miaka kumi na saba kwenye pikipiki. Kagongwa saa moja jioni akirudisha ng'ombe. Kaka yake kamponda nyoka na kamleta kwenye mfuko wa rambo: fira.

Saa zote hizo walikuwa wapi? Kwa mzee mwenye jiwe. Lilibandikwa, likakaa, likadondoka lenyewe. Wakaambiwa limeshiba, sumu imekwisha. Kope za kijana zilikuwa zimeanza kushuka. Mama yake akasema ana usingizi, muacheni apumzike.

Alipofika kwetu macho yamefumba, mate yanamtoka, shingo haishiki kichwa, kifua kinapanda kidogo mno. Tukammulika tochi machoni: mboni kubwa, hazisogei. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia mwenzangu pale pale kichwani kwa mgonjwa: "Huyu hafiki asubuhi. Waambie ndugu wajipange."

Ndugu wakajipanga kweli. Kaka mkubwa akaanza kupiga simu kutafuta gari la kusafirisha mwili. Baba mdogo akauliza atazikwa kwa baba au kwa mjomba.

Daktari wa zamu akaja, akashika mapigo, akasema: "Moyo huu uko vizuri. Mnamzika nani?" Akaingiza mpira kooni. Mashine ya kupumulia hatukuwa nayo. Tulikuwa na ambubegi moja, ule mfuko wa kubana kwa mkono. Tukabana. Mimi, mwenzangu, kisha kaka mtu, kisha baba mdogo, kwa zamu mpaka kumekucha. Dawa ya sumu ikafika asubuhi kutoka hospitali nyingine. Siku ya pili jioni akatikisa kidole. Siku ya tatu akafungua jicho.

Siku ya tano naenda kumpa dawa, akaniambia taratibu: "Shikamoo sista. Wewe ndiye uliyesema sifiki asubuhi."

Alisikia yote, gari, kaburi na sauti yangu. Akasema: "Nilikuwa nawaambia nipo. Mdomo ukakataa."

Jamani, mimi sijawahi kusahau.

SEHEMU YA 3

Sasa ili muelewe ilikuwaje akasikia bila kuweza kusogeza hata kope, twende taratibu. Hapa haihitajiki digrii.

Ukitaka kufumbua jicho, ubongo unatuma ishara. Inapita kwenye mshipa wa fahamu kama umeme kwenye waya. Lakini waya huo haugusi msuli. Mwisho wake kuna upenyo mdogo ambao jicho haliwezi kuuona, na umeme hauruki pale. Kwa hiyo mshipa unamwaga kemikali inayoitwa asetilikolini. Inavuka upenyo na kutua kwenye vipokezi vilivyoko juu ya msuli.

Fikiria ufunguo na kufuli. Ufunguo ukiingia, kijimlango kinafunguka, chembe za sodiamu zinaingia ndani, msuli unajikunja. Hapo hapo kinakuja kimeng'enya, tumwite mfagiaji, kinaivunja ile asetilikolini ili msuli ulegee na kusubiri ishara nyingine. Yote hayo yanakwisha kabla hujamaliza kupepesa jicho.

Na kupumua ni hivyo hivyo. Kuna msuli mpana chini ya mapafu, kiwambo. Kila pumzi unayovuta sasa hivi ukisoma, ni ishara imevuka upenyo ikafungua kufuli.

SEHEMU YA 4

Sumu ya fira inafanya nini? Haichomi ubongo wala kuua mshipa wa fahamu. Ndani yake kuna protini ndogo zinazopenda vile vipokezi kuliko hata asetilikolini yenyewe. Zinakwenda kukaa kwenye tundu la ufunguo. Hazifungui, zimekaa tu.

Ni kama mtoto mtundu kachomeka njiti ya kiberiti kwenye kufuli la mlango wako. Unarudi kutoka kazini, ufunguo unao mkononi, mlango mzima, nyumba nzima, na huingii.

Ubongo wake mzima, unatuma amri. Mshipa mzima, unamwaga kemikali. Msuli wenyewe mzima, unasubiri. Amri haifiki.

Na mishipa inayoleta habari kutoka nje haijaguswa. Sikio linasikia. Ngozi inahisi kidole chako na sindano yako. Moyo nao unatumia vipokezi vya aina nyingine, hivyo unaendelea kudunda. Huyo ndiye kijana wetu: yumo ndani, anasikiliza watu wakigawana kazi za msiba wake.

SEHEMU YA 5

Koboko ana mchezo mwingine, na ana haraka zaidi.

Sumu yake ina protini zinazoziba njia za potasiamu kwenye mshipa. Njia hizo ndizo breki. Zikizibwa, mshipa hauachi kupiga kelele, unamwaga asetilikolini kupita kiasi. Ndani ya sumu hiyo hiyo kuna kitu kinachomfunga mikono yule mfagiaji. Kwa hiyo kemikali inamwagika na hakuna wa kuisafisha. Mgonjwa anatetemeka misuli, anatokwa jasho na mate, vinyweleo vinasimama, midomo inawasha. Wengine wanasema "ana mashetani". Si mashetani, bwana. Ni breki zimekatika.

Na koboko huyo huyo ana zile protini za kuziba kufuli pia. Ndiyo maana baada ya kutetemeka anaweza kulegea na kuishiwa pumzi. Kwake hatuhesabu siku. Inaweza kuwa dakika, inaweza kuwa saa chache.

Aliyeandika kwenye maoni kwamba haya ni "mambo ya wazungu", msikie na hii. Mwaka 1963 watafiti wa Taiwan, C. C. Chang na C. Y. Lee, walitenga sumu moja ya nyoka wa kwao inayong'ang'ania vipokezi hivi. Baadaye sumu hiyo hiyo ndiyo iliyosaidia dunia kuvitambua na kuvichunguza vipokezi vyenyewe. Elimu hii imetoka kwenye mashamba ya mpunga yenye nyoka, kama ya kwetu.

SEHEMU YA 6

Shikeni mpangilio huu, unaokoa. Kulegea kunaanzia juu na kushuka.

Kwanza kope zinaanguka. Anaona vitu viwili viwili. Kisha maneno yanakuwa mazito kama mlevi. Anashindwa kumeza, mate yanajaa. Shingo inalegea. Halafu kifua.

Kwa hiyo mtu aliyegongwa na nyoka akianza "kusinzia", hasinzii. Mwambie: "Fumbua macho, tazama juu." Akishindwa, hizo kope zimekupa habari kabla ya kifua. Una muda bado. Utumie kwenye barabara, si kwenye mkeka wa mganga.

Na wewe unayepima kifo kwa tochi: mboni ya jicho nayo inaendeshwa na misuli, na sumu hizi zinaweza kuilegeza. Mboni kubwa isiyosogea kwa mtu aliyegongwa na nyoka siyo cheti cha kifo. Shika mapigo. Msaidie pumzi. Usimfunike shuka mtu anayekusikia.

SEHEMU YA 7

Sasa turudi kwenye jiwe.

Jiwe jeusi kwa kawaida ni kipande cha mfupa, mara nyingi wa ng'ombe, kilichochomwa mpaka kikawa mkaa. Kina vitundu vidogo vidogo. Kwenye jeraha lenye damu kinanyonya unyevu, ndiyo maana kinanata. Kikishiba unyevu kinadondoka. Ukikiweka kwenye kidole ulichojikata na kisu cha vitunguu, kitanata vile vile na kitadondoka vile vile. Vitunguu vina sumu gani?

Sumu yenyewe haikubaki juu ya ngozi kama jasho. Meno ya nyoka ni sindano, yameipeleka ndani, na imeanza safari. Wakati jiwe limebandikwa kwenye kifundo cha mguu, sumu inakwenda zake kwenye kope na kifua. Jiwe linalinda mlango ambao mwizi ameshapita.

"Mbona bibi yangu alipona kwa jiwe?" Swali zuri, silicheki. Nyoka wengi wanaouma watu hawana sumu ya kumdhuru binadamu. Na hata mwenye sumu, mara nyingine anauma bila kuitoa. Watu hao wote wangepona kwa jiwe, kwa maji ya kunywa, kwa kukaa chini ya mwembe. Jiwe limechukua sifa za watu ambao hawakuwa wanakufa. Wanaokufa hawarudi kijijini kutoa ushuhuda.

Siwatukani wazee wetu. Mzee mwenye jiwe anaamshwa saa tano usiku na anatoka, wakati sisi wenye vyeti tuko mbali kilomita arobaini. Watu wanamwendea kwa sababu yupo. Ninachomwomba ni kimoja: Shikamoo mzee, mtu akiletwa kwako, tangulia kumwita dereva wa bodaboda. Ukifanya hivyo umeokoa wengi kuliko daktari.

SEHEMU YA 8

Kamba na wembe.

Kufunga kamba kwa nguvu kunakata damu. Nimeona miguu imeoza kwa kamba, siyo kwa nyoka. Na ukiifungua ghafla, sumu iliyokuwa imezuiliwa inaweza kushuka yote kwa pamoja, mgonjwa akaishiwa pumzi njiani. Kwa hiyo: usifunge. Na kama umekuta ameshafungwa kitambo, usikurupuke kufungua barabarani, mlete, tutafungua tukiwa tumejiandaa.

Kuchanja kunaongeza jeraha na kuleta vidudu. Kunyonya kwa mdomo hakutoi cha maana.

Na kuna nyoka tofauti. Kifutu hazibi kufuli. Sumu yake inakula nyama, mguu unavimba na kuuma vibaya. Fira anayetema mate naye mara nyingi anaharibu nyama. Wewe kijijini huna haja ya kujua ni yupi, na usimfukuze nyoka ili umlete. Hatua za mwanzo ni zile zile.

SEHEMU YA 9

Hatua zenyewe. Zinakili, zitumie kule ulikosambaza ile picha.

Ondokeni alipo nyoka. Mlaze mgonjwa, mtulize. Asikimbie wala kutembea, kwa sababu misuli ikifanya kazi inasukuma sumu. Vua pete, bangili, shanga za mguuni, viatu. Funga gongo pembeni ya mguu au mkono kama unavyofanya kwa mfupa uliovunjika, usicheze. Akitapika au akianza kulegea, mlaze ubavu ili mate yasimzibe koo. Asipewe pombe, maziwa, mafuta ya taa wala dawa ya kienyeji: mtu asiyeweza kumeza unamzamisha. Kumbuka saa aliyogongwa. Akiacha kupumua, mpulizie mdomo kwa mdomo na msiache mpaka mfike.

Usafiri: gari kama lipo. Kama halipo, kaka yangu wa bodaboda, wewe ndiye ambulansi. Mashariki ya Nepal vijiji vilijipanga na watu wenye pikipiki. Mgonjwa anakaa katikati, dereva mbele, mtu wa kumshikilia nyuma, moja kwa moja kituo chenye dawa. Vifo vikapungua. Hawakununua helikopta. Walipanga namba za simu na mafuta.

SEHEMU YA 10

Sasa mlioko ofisini, msidhani nimewasahau.

Ile picha ina uongo mmoja mkubwa na ukweli mmoja mchungu. Ukweli ni ule mstari wa chini. Kuna zahanati ngapi vijijini ambazo ukifika na mtu wa koboko watakuandikia rufaa tu? Mkulima anayefahamu hivyo, ukimcheka kwa jiwe lake unamwonea.

Dawa ya sumu ya nyoka siyo muujiza. Inatengenezwa kwa kumchoma farasi sumu kidogo kidogo, kisha kuchukua kinga kutoka kwenye damu yake. Utaalamu huu upo tangu miaka ya 1890. Wakati Afrika inahitaji dawa hiyo, kampuni ya Ufaransa Sanofi Pasteur ilikuwa na moja, Fav-Afrique, iliyolenga nyoka kumi wa bara letu. Ikaacha kuitengeneza mwaka 2014 kwa kuwa haikuwa na faida. Akiba ya mwisho ikafika mwisho wa muda wake mwaka 2016. Na kumewahi kuletwa Afrika dawa zilizotengenezwa kwa sumu za nyoka wa India. Kichupa kinafanana, nyoka siyo wale.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Lengo zuri. Hesabuni miaka iliyobaki.

Kwa miaka mingi, Watamu kule pwani ya Kenya na Meserani karibu na Arusha, mahali ambapo mtu wa nyoka anakimbiliwa ni kwenye bustani za nyoka za watalii. Nawashukuru, wameokoa watu. Lakini hebu tafakarini: mchunga ng'ombe anategemea pumzi yake ibaki pale ambapo mtalii analipa kumtazama nyoka.

SEHEMU YA 11

Wauguzi wenzangu, hii ni yetu. Tusijifiche nyuma ya "hakuna dawa".

Dawa ya sumu inakamata sumu inayozunguka. Ile iliyokwisha kaa kwenye kufuli inaweza kuchukua saa nyingi, hata siku, kuachia. Kwa hiyo hata ukiwa na dawa unaweza kuhitaji kumpumulisha mgonjwa. Na kama huna dawa, pumzi peke yake inaweza kumvusha mpaka dawa ifike au kufuli ziachie. Kufuli hazijavunjika. Zimezibwa tu.

Ambubegi ipo kwenye chumba cha kujifungulia. Ya watu wazima ipo? Ina barakoa yake? Mara ya mwisho kuishika ni lini? Kesho asubuhi, kabla ya chai, nenda kaangalie.

Neostigmini, pamoja na atropini, inaweza kumsaidia mgonjwa wa baadhi ya fira kwa kuongeza asetilikolini ishindanie kufuli. Lakini kwa koboko, ambaye tayari kamwaga mafuriko na kamfunga mfagiaji, unaongeza maji juu ya maji. Uliza nyoka, tazama dalili, mwite daktari, ndipo uchome.

Na zungumza na mgonjwa. Mwambie jina lako, mwambie anapumulishwa, mwambie yuko salama. Mpe dawa ya kutuliza kama daktari ameandika, kwa sababu amepooza, hajalala. Mambo ya msiba yakazungumziwe nje ya mlango.

SEHEMU YA 12, NA YA MWISHO

Mnaniuliza kama nataka jiwe lipigwe marufuku. Hapana. Marufuku haimfikishi mtu hospitali. Nataka jiwe likose kazi. Litakosa kazi siku ambayo kituo cha afya cha kata kitakuwa na dawa sahihi, ambubegi inayofanya kazi na mtu anayejua kuibana. Mpaka siku hiyo ifike, kila diwani anayekuja kuomba kura kijijini kwenu muulizeni swali moja tu: nikigongwa na koboko usiku wa leo, napelekwa wapi? Akijibu "tunalifanyia kazi", mkumbusheni kwamba kiwambo hakisubiri kikao.

Na wewe uliyesambaza ile picha, sikutukani. Ulitaka kusaidia. Basi sasa unajua. Ifute, weka SEHEMU YA 9 mahali pake, na andika chini yake namba ya bodaboda anayekubali kutoka usiku.

Yule kijana leo ana mke na mtoto, bado anachunga, siku hizi amevaa buti na ana tochi. Kila nikikutana naye sokoni ananitania: "Sista, asubuhi nilifika."